Seremala Aliyengojewa Mtaa wa Narung'ombe

Jamani, leo nimefedheheka. Si kidogo! Nimefedheheka mchana kweupe, Mtaa wa Narung'ombe, hapa hapa Kariakoo, mbele ya wanywa kahawa, wauza ndizi na watoto wote wa mtaa. Hata gari la Gavana likipita halikusanyi watu namna ile. Sogeeni, wenzangu wa chumba, niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wataongeza chumvi. (Ingawa sioni pa kuiongezea.)

Mnajua kwamba tangu nitoke Moshi kuja kufanya ukarani bandarini, nimekuwa nikimwomba Mzee Yona, mwinjilisti wetu, anichukue tukahubiri nyumba kwa nyumba. Kila Jumapili jibu ni lile lile: "Aminieli, wewe ni baiskeli isiyo na breki. Ngoja kwanza."

Leo amekubali! Nilipiga pasi suruali mara mbili. Viatu nilivisugua mpaka ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Tulipotoka kanisani nilikuwa natembea mbele yake kama mtu anayewahi treni.

Njiani Mzee Yona akanifunda. "Watu wa huku wana dini yao na wameishika. Ukianza na jina la Yesu pale mlangoni, mlango unafungwa. Wewe anza na habari. Sema umetumwa na Bwana. Sema anawapenda. Jina liweke mwisho. Na hiyo Injili yako ifunge kwenye kitambaa, wasiione mapema."

Basi nikaifunga kwenye leso yangu nyeupe, fundo zuri kabisa. Mzee Yona akasimama ng'ambo ya mtaa, kivulini mwa duka la vitambaa, akasema nichague nyumba yoyote, yeye ataniombea kutoka pale pale. Nikachagua yenye mlango wa buluu. Kwa nini? Ilikuwa inanukia pilau. (Msinitazame hivyo. Roho alikuwa anaongoza, pua ilikuwa inasaidia tu.)

"Hodi!"

Hata sijafunga mdomo, mlango ukafunguka. Akatokea bwana mmoja wa makamo, kofia ya viua kichwani, meno yote nje.

"Karibu! Karibu sana! Tunakungoja tangu adhuhuri!"

Wananingoja! Mwili wote ukanisisimka. Nikamgeukia Mzee Yona nikampungia, naye akainua mikono yote miwili juu. Nikavua viatu, nikaingia.

Ukumbini wametandika mkeka mpya. Yule aliyenifungulia aliitwa Mfaume. Kaka yake, Mzee Salumu, ndiye mwenye nyumba, ameketi kanzu imenyooka. Pembeni yupo mama yao, Bi Tatu, kikongwe mwenye macho makali kama ya mkaguzi wa forodha. Na nyuma ya pazia nasikia wanawake wananong'ona na kuchekacheka.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, baba. Kaa kitako."

Nikaletewa sharubati. Nikaweka kifurushi changu cha leso mbele yangu, juu ya mkeka. Macho yote yakaiendea ile leso, yakarudi kwangu kwa heshima kubwa.

"Haya, baba," akasema Mzee Salumu. "Sema ulilotumwa."

Ulilotumwa! Hata neno lenyewe wanalo!

"Wazee wangu," nikaanza, sauti inatetemeka kwa furaha, "nimetumwa na Bwana."

"Tunajua."

"Nimeleta habari njema. Bwana huyu anaipenda nyumba hii. Ameipenda tangu zamani, hata kabla ninyi hamjamjua."

Nyuma ya pazia mtu akapiga kigelegele, akazibwa mdomo. (Kwetu Moshi watu huitikia amina tu.)

"Habari zake zimetufikia," akasema Mzee Salumu. "Si yule seremala?"

Nilitaka kuruka. "Ndiye! Seremala!"

"Mpole, wanasema. Hana ugomvi na mtu."

"Mpole kupita wote!"

"Na mama yake ni Mariamu," akadakia Bi Tatu.

"Mariamu mwenyewe, bibi!"

Jamani, machozi yalinilenga. Mzee Yona amehangaika na mitaa hii miaka nenda rudi, kumbe watu wanajua kila kitu, wanangoja tu mtu wa kumalizia! Nikauona mtaa mzima unabatizwa. Nikaanza kuwaza maji tutayatoa wapi.

Mzee Salumu akakohoa. "Sasa, baba, tuje kwenye lile zito. Mahari."

Hapo mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi nikadhani ndiyo mafumbo ya watu wa pwani, nikamjibu kwa fumbo vilevile.

"Mzee, ondoa wasiwasi. Alishalipa yote mwenyewe."

"Alishalipa? Kampa nani?"

Akamgeukia mdogo wake, taratibu. Mfaume akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Wallahi kaka, sijapokea hata senti!"

"Hapana, hapana," nikasema, nimeshapamba moto, "alilipa kwa ajili ya watu wote!"

Wakatazamana. Bi Tatu akasogeza kigoda chake karibu.

"Ngoja, mjukuu wangu. Huyo bwana hana mke mwingine?"

"Hana, bibi. Hajaoa kamwe."

"Vizuri. Kwa hiyo anamtaka Zuhura peke yake."

"Zuhura ni nani?"

Pazia likasogea, jicho moja likachungulia.

"Ni mjukuu wangu," akasema Bi Tatu. "Kwani wewe umetumwa kumtaka nani?"

Nikaona saa imewadia. Nikasimama wima. Nikanyoosha mikono kama nilivyokuwa najizoeza chumbani. (Ninyi mlidhani nafanya mazoezi ya viungo.)

"Anawataka wote! Wote mliomo humu! Zuhura, na Mzee Salumu, na Bwana Mfaume, na hao walioko nyuma ya pazia!"

"Na mimi?" akauliza Bi Tatu.

"Wewe hasa, bibi!"

"Toba!" Bi Tatu akajifunika kanga mpaka puani. "Mimi? Na meno haya mawili?"

Ndipo ikasikika hodi nyingine.

Akaingia mzee mmoja, kanzu na koti, jasho linamchuruzika, mikono myeusi kwa grisi. "Niwieni radhi, wazee. Gurudumu la baiskeli limenipasukia kule Msimbazi, nimeikokota mpaka hapa. Mimi naitwa Kombo. Ni mshenga wa Hamisi, yule seremala wa Gerezani, mtoto wa Bi Mariamu."

Jamani. Mmewahi kuvaa koti likawabana ghafla shingoni, na hakuna aliyeligusa? Mshenga! Nyumba hii ilikuwa inangoja posa! Seremala wao ni Hamisi! Mariamu wao anaishi Gerezani!

"Kama wewe ndiye mshenga," akasema Mfaume, akininyooshea kidole, "huyu ni wa nani?"

Bwana Kombo akanitazama. Akaitazama ile leso na fundo lake, kama ile ya kufungia pesa za posa. Uso ukambadilika.

"Ahaa! Mmetuita wawili mtushindanishe? Kijana wangu si samaki wa kunadiwa Kivukoni!" Akageuka, akatoka.

Nyuma ya pazia binti akalia kwa sauti, "Baba! Mrudishe, baba!" Nikajua huyo ndiye Zuhura. Kilio kile kilinichoma. Mimi nimekuja kuokoa, kumbe naharibu ndoa ya mtoto wa watu!

Mzee Salumu akasogea. Akaivuta leso yangu, akafungua fundo. Ikatokea Injili. Akaigeuza mbele na nyuma.

"Kijana. Huyo bwana aliyekutuma ni nani?"

"Yesu, mzee," nikasema, kwa sauti ya mbu. (Niliambiwa jina niliweke mwisho. Mwisho ulikuwa umefika.)

"Nabii Isa," akasema polepole. "Huyo hata sisi tunamheshimu. Lakini hatukumtazamia kwa posa."

Bi Tatu akaangua kicheko, akateleza kwenye kigoda. Mimi sikungoja. Nikatoka mbio, soksi tupu, kumfuata Bwana Kombo. Heri yangu baiskeli ilikuwa na pancha, alikuwa anaikokota. Nikalidaka tandiko katikati ya mtaa.

"Bwana Kombo, simama! Sisi si washindani! Bwana wangu hamtaki Zuhura!"

Nilipiga kelele mno. Wanywa kahawa wakashusha vikombe.

"Hamtaki?" akafoka Bwana Kombo. "Kwani Zuhura ana kasoro gani?"

"Ehe!" akaitikia Mfaume kutoka mlangoni, amekasirika naye. "Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro! Anampenda sana!"

"Sasa anampenda au hamtaki?"

"Anampenda, lakini si kwa kumwoa!"

"Astaghafiru!" akapaza sauti mama mmoja muuza ndizi.

Watu wakajaa. Wengine wanauliza nani kafa, wengine wanauliza mwizi yuko wapi. Watoto wamekaa chini kabisa, wananitazama soksi, maana kidole gumba kilikuwa kimechungulia nje. Na Mzee Yona, kule ng'ambo, akaona nini? Akaona Aminieli wake amezungukwa na Kariakoo nzima, mikono juu, anapiga kelele kuhusu upendo. Akadhani uamsho umeanza! Akavuka mtaa akiimba wimbo wa kanisani kwa ile besi yake, machozi yanamtoka.

"Ndugu zangu, msisukumane!" akasema alipofika. "Nafasi iko kwa kila mmoja! Nani wa kwanza?"

"Wa kwanza ni Bi Tatu!" akajibu Mfaume. "Ameshaposwa!"

Hapo ndipo nilipokata tamaa ya heshima. Nikapanda juu ya kasha la muuza kahawa, nikatangaza mbele ya umati wote: "Mimi ni mhubiri! Nilikuja kuhubiri, wakanidhani mshenga! Hamisi seremala hana mpinzani! Zuhura ni wake!"

Kisha mtaa ukapasuka. Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga birika. Bwana Kombo alijikaza, akatazama chini, akakutana na kidole changu gumba, akashindwa. Alicheka akiwa ameegemea baiskeli yake, wakaanguka wote wawili.

Basi, akarudi ndani. Tukaingizwa na sisi, mimi na Mzee Yona. Posa ikasemwa upya, na mshenga mwenyewe safari hii, ikakubaliwa, kigelegele kikapigwa bila kuzibwa mdomo. Pilau ikaja. (Pua haikunidanganya.) Mzee Salumu aliifunga tena Injili yangu kwenye leso, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Kijana, dini tunayo na tumetosheka nayo," akasema. "Lakini hapa ni kwenu. Na harusini uje."

Bi Tatu akanivuta mkono nilipokuwa naaga. "Siku nyingine uje unisimulie habari za huyo seremala wako. Masikio ninayo. Ila uanze na jina."

Mzee Yona alinisindikiza mpaka Mnazi Mmoja. Hapo akasimama, akanishika bega, mabega yake yenyewe yanatikisika. "Aminieli," akasema, "lile la kuweka jina mwisho, tuliache."

Haya, mmesikia. Msicheke! Wewe uliyejificha nyuma ya mto wa kulalia, nakuona. Kuhubiri nitaendelea, na Jumapili ijayo tunaenda Ilala. Ila kabla sijatamka neno lolote la habari njema, nitauliza kwanza kama humo ndani kuna mtu anaolewa.