Kitoweo cha Kidole Gumba

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kidole gumba, huna adabu. Miaka yote hii nimekulea, leo unanivimbia. Ulikatwa na mfuniko wa kopo, mkato mdogo ambao hata mtoto asingeulilia, na sasa umekuwa mwekundu kama nyanya na unapwita. Na umechagua wiki hii! Jumamosi wazazi wanakuja shuleni, na mwalimu mkuu ametangaza kwamba atakayepika vizuri siku hiyo ndiye atakayekuwa mpishi mkuu na kukaa na ufunguo wa stoo. Ufunguo huo uko shingoni mwangu tangu mwalimu mkuu mwenyewe akiwa mwanafunzi hapo. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, msaidizi wangu jikoni, anautazama kama paka anavyotazama samaki.

Nikapanga. Kidole nikakificha ndani ya glavu ya kushikia sufuria. Mpaka saa nne hakuna aliyejua. Kisha mwiko mkubwa, ule wa mikono miwili, ukaniponyoka, ukazama kwenye maharage. Wifi akauopoa. Akasema pole, umri nao una mambo yake. Umri! Ananizidi miaka mitatu.

Mwalimu mkuu akaniamuru niende hospitali. Mwiko na ufunguo vimebaki kwa wifi mpaka nipone.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Daktari kijana. Sauti ndogo, amri kubwa. Vidonge asubuhi na jioni, kidonda kisafishwe kila siku, jiko nisilisogelee mpaka aseme. Nikamwuliza kama Jumamosi atapika yeye. Akaita mgonjwa mwingine.

Mjukuu wangu anafanya kazi maabara hapo hapo. Nikamwambia anitafutie kitu cha kuponya kidole kabla ya Jumamosi. Akasema dawa nimeshapewa, ila atanionyesha wapiganaji wangu mwenyewe. Akanitoboa kidole kizima, kana kwamba kimoja hakitoshi. Damu akaisuuza zibaki seli tupu, akaziweka kwenye kioo chini ya hadubini pamoja na hamira. Hamira hii hii ya mikate! Ameiua kwa maji ya moto na kuitia rangi nyekundu ili ionekane.

Nikainama. Mungu wangu. Seli nyeupe zinatembea. Miguu hazina, zinajimimina tu kama uji uliomwagika mezani. Zinaigusa hamira, zinapapasa, nyingi zinapita zake. Nikaona haya, maana ni damu yangu hiyo. Nikazikaripia zile. Maabara nzima ikageuka.

Akaleta kioo cha pili. Hamira ni ile ile, ila hii aliilaza kwanza kwenye maji ya damu, yale yanayobaki juu damu ikishaganda. Seli ikaja. Ikagusa. Ikanasa. Ikaikumbatia ubavu huu na ubavu huu, ikafunga, na hamira ikaonekana nyekundu tumboni mwake.

"Mle kwenye maji kuna protini zinaitwa opsonini, Bibi," mjukuu akasema. "Zinaganda juu ya kijidudu, na seli ina vishikio vya kuzikamata. Bila hizo, vijidudu vingi vinateleza tu."

Akaeleza kwamba nyingine zimo damuni siku zote, zinamgandia karibu kila mgeni. Nyingine mwili unazitengeneza baada ya kukutana na adui fulani, na zinamkaa huyo tu. Nikamwambia basi hicho ni kitoweo, hata seli haitaki wali mkavu. Akacheka, akasema waliozipa jina nao waliwaza chakula.

Nimeishia darasa la nne na nimepika maisha yangu yote. Sikujua kwamba ndani yangu kuna jiko lingine.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimelipata! Kama vijidudu vya kidole havijakolea kitoweo, nani wa kuvikoleza kama si mimi? Chumvi, ndimu, pilipili, kitunguu saumu. Nikaponda, nikafungua bandeji, nikapaka.

Nilichosema siandiki. Fundi cherehani wa jirani alikuja mbio na mkasi mkononi, akidhani nimevamiwa.

Mchana kidole kilikuwa mara mbili. Hospitalini muuguzi alikiosha bila kunitazama usoni. Daktari akasema kwa ile sauti yake ndogo: "Bibi, ukirudia hivi, kidole hiki nitakikata."

Mjukuu leo hakucheka. Akasema kitoweo kile mwili unakipika wenyewe, na nilichopaka kinawaunguza wapiganaji wangu. Kazi yangu ni kumeza vidonge na kutulia.

Kutulia. Mimi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimemeza vidonge. Nimekaa. Nikakitazama kidole. Humo ndani saa hii wanapaka, wanakumbatia, wanameza, na hakuna mpishi mkuu, hakuna ufunguo, hakuna wifi. Hakuna aliyewatuma wala anayewasifu. Nikanyamaza muda mrefu mpaka fundi cherehani akaja kuuliza kama nimezidiwa.

Jioni uvimbe ulikuwa umepungua. Nikawaambia asante, kwa sauti, wasikie.

Kisha akapita mwalimu wa hesabu, akasema mchuzi wa wifi una nyama kuliko wangu. Nyama ya ziada inatoka wapi? Stoo! Anaiba.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Adui hatambuliki mpaka apakwe. Ndivyo nilivyofundishwa maabara. Nikaenda shuleni eti kusalimia. Vya kupika kesho wifi alishavitoa stoo. Alipoinama kupepeta mchele, nikapaka mafuta na manjano kwenye kitasa cha stoo. Kesho akiiba, mikono itamshtaki, na mwalimu mkuu atammeza mzima mzima.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Aliyefungua stoo ni mwalimu mkuu, akiwaonyesha wazazi magunia. Wifi alimkabidhi ufunguo hapo sufuriani. Kisha mwalimu mkuu akawapa mikono wazazi wote. Wazazi wakapeana mikono wao kwa wao, wakapangusa nguo, wakabeba watoto. Saa sita shule nzima ilikuwa ya njano, mpaka shavu la kichanga. Msafi alikuwa mmoja tu, wifi. Tangu asubuhi mikono yake haikutoka kwenye mwiko.

Mwalimu mkuu akauliza nani kapaka. Macho yakazunguka, yakatua kwenye bandeji yangu ya jana, ambayo sikuwahi kuibadilisha. Nyeupe, ncha ya njano.

Ufunguo kapewa wifi, mbele za watu. Na nyama? Anaikata vipande vidogo, basi kila sahani inaonekana imejaa.

Mjukuu akasema mwili nao huweza kukosea hivyo. Ukiwatia alama watu wake wenyewe, wapiganaji huwala walio wao, na hayo ni maradhi mazito. Nikashangaa upya. Wapishi wote hao humo ndani, gizani, na mara nyingi wanampaka anayestahili. Mimi nilikuwa na kitasa kimoja, tena mchana.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kidole hakikatwi! Muuguzi kasema nyama mpya imeanza kuota.

Wifi kaja na supu, akanilisha kijiko kwa kijiko kama mtoto. Akasema nikipona kabisa ameniwekea kiti jikoni, nikae nimwelekeze. Supu ilikuwa tamu sana. Nimemwambia chumvi imezidi.

Nimetafakari siku nzima na kosa langu nimeliona. Kitasa nilikipaka kwa mkono mtupu. Mjukuu, kesho kabla ya kazi niletee ile rangi nyekundu ya hamira, chupa nzima, na glavu.