Ndoo za Asali Chini ya Picha ya Dafrosa

Jumatatu, 3 Juni 2024. Ipole.
Wilbroad, mwanaume mzima una mizinga arobaini, huna haya! Nimemwambia jirani yangu huyu alete ndoo moja ya asali, Krismasi achukue mbili. Ananiuliza dhamana ni nani! Nikamwonyesha ukutani: mjukuu wangu Dafrosa, kavaa joho. Wakili wa mambo ya fedha Dodoma. Yumo kwenye jopo linaloandika kanuni za kuwabana wanaopokea akiba za watu. Sasa nani atanibana mimi? Ndoo kumi na nne zimeingia. Ya Wilbroad hakuna.

Jumatano, 5 Juni.
Ndoo ishirini na sita! Bernadeta, mmoja wa walioleta, kauliza hiyo ya pili itatoka wapi. Nikamwambia itatoka kwa watakaoleta baadaye. Kwani nyuki wamestaafu? Darasa la pili langu linatosha.

Ijumaa, 7 Juni.
Wilbroad mmbea! Kampigia Dafrosa simu kuulizia dhamana. Leo mchana gari lake hilo mlangoni. Nikapiga vigelegele, nikamwita mke mwenzangu, kama tunavyotaniana siku zote. Hakuujibu utani. Akasema shikamoo bibi, akaitazama picha yake, akazitazama ndoo. Akasema mchezo huu huu ndio alioufanyia utafiti miaka sita na kuuandikia kitabu. Jamani! Mimi nilidhani kile kitabu ni cha matapeli.

Jumamosi, 8 Juni.
Karudisha ndoo nyumba kwa nyumba, anaomba radhi. Wakili mzima, asali mpaka kwenye viatu. Kisha kaniambia anajitoa kwenye jopo, maana jina lake limetumika. Nikamshauri aseme hanijui. Hapo ndipo alipolia. Kaondoka hajagusa ugali. Nililima tumbaku mpaka mgongo ukapinda ili asome sheria. Na mimi huyu huyu ndiye niliyemng'oa kitini. Sijui niuweke wapi uso wangu.

Jumapili, 9 Juni.
Kanisani sikuimba. Wilbroad kanipisha nikae, na hilo limeniuma kuliko kama angenicheka. Jioni Dafrosa kapiga simu. Kasema ameumia, ila hana kinyongo. Anarudi chuoni kufundisha kama zamani, atakuwa na nafasi ya kuja kunitembelea.
Nafasi! Wakili mwenye nafasi! Na kesi za mipaka ya mashamba zilivyojaa huku!
Nimemwita mwanangu Alois. Nimemwambia: kesho alfajiri panda baiskeli uende mpaka Sikonge. Kila mwenye kesi aje aandikishe jina kwangu, na asije mikono mitupu.