Kalori Zimezima Moto wa Jikoni Kwangu

Matongo, North Mara
Kiangazi, 1957

Bwana Mhariri,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mkulima, mzima wa akili. Habari za mwili nitaeleza huko mbele. Naomba nafasi gazetini nimshtaki Bibi Teresia, mwalimu wa darasa la akina mama, aliyewafundisha wake zetu kitu kiitwacho kalori.

Anasema kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Hapo sina ugomvi. Akaongeza kwamba kiazi kilichopikwa kinampa mtu nguvu kuliko hicho hicho kikiwa kibichi, kwa kuwa moto hukilainisha na tumbo halihangaiki nacho. Mke wangu, Mama Tomaso, akarudi na kunitangazia kwamba basi nusu ya kulima kwangu ni kazi ya jiko lake, na kuanzia sasa kuni nikate mimi. Mimi, mzee mwenye ng'ombe! Nikaapa kula vibichi mpaka afute maneno yake. Naye akajibu tu, "Haya."

Malalamiko yangu:

1. Nilipima viazi kwenye mizani ya pamba, vibichi vyangu kisha vya kuchemsha nilivyoomba kwa jirani. Uzito ule ule. Mwalimu aonyeshe hiyo nguvu iliingilia wapi.

2. Maksai wangu anakula majani mabichi na anavuta plau. Nikamwiga. Kasoro ndogo ni kwamba maksai hutafuna kutwa na usiku anacheua. Nami sasa natafuna kutwa, jembe limelala, na taya zinaniuma vibaya sana.

3. Mwalimu anasema kalori ni joto. Sawa, jua la hapa lina joto tele. Nikaanika viazi juu ya jiwe, nikaketi kando nami nianikike. Viazi vilisinyaa. Mimi pia. Suruali naifunga kwa kamba ya ndama.

4. Kwenye risaga, yaani siku tunapolimiana mashamba, jembe lilinishinda mbele ya vijana. Filemoni, niliyemwona akizaliwa, akanipa shikamoo na kunishauri nikapumzike na akina mama. Aibu hii ni ya mwalimu, maana kabla hajasema neno, viazi vibichi havikuwa na upungufu wowote.

5. Jiko la Mama Tomaso halitoi moshi. Watoto wana miji yao, tumebaki wawili, na yeye moto kauzima kabisa. Najua anakula kwa majirani, ananenepa, akingoja nisalimu amri. Hili linaniuma kuliko taya.

Kwa hiyo Serikali itangaze kwamba viazi vibichi vina nguvu sawa na vilivyopikwa. Nijulishwe siku ya tangazo mapema, ili mwili wangu usichelewe kunufaika. Ikishindikana, mwalimu ahamishiwe mahali ambako watu hawali.

Wasalimie wapiga chapa wako na wasomaji wote, hasa yeyote anayekula ugali wa moto saa hizi.

Ni mimi mwenye haki na njaa,
Nyangwine Machage

Tanbihi: Baada ya kutia sahihi niliingia jikoni nimkamate Mama Tomaso na ushahidi. Nikamkuta kaketi mbele ya mafiga baridi anatafuna kiazi kibichi, mashavu yamemwisha. Kwa jirani hajakanyaga. Akasema hawezi kuwasha moto wa kula peke yake na mimi niko nje nina njaa. Bwana Mhariri, nililia. Nikachukua shoka nikapasua gogo zima, nguvu sijui zilitoka wapi. Tumekula viazi vya kuchemsha katika chungu kimoja, jambo ambalo baba yangu hakulifanya maishani, na leo nimelima mpaka jua la utosi. Barua naileta hivi hivi kwa kuwa karatasi ilikuwa moja. Mwalimu asihamishwe. Ila mwambie asifundishe lolote juu ya kuchota maji, maana Mama Tomaso ameweka mtungi mlangoni na ananiangalia.