Mwalimu Phébé Anawafundisha Watoto Kusoma Hadi Chini

Kamina, mwezi wa kumi na moja, 1998

Kwa Bwana Direkta wa shule yetu ya mtaa,

Nakuandikia kwa heshima yote inayostahili kazi yako. Mimi ni Abner Mwamba, karani wa reli tangu enzi treni zilipokuwa bado zinafika. Naomba umwondoe Mwalimu Phébé, kwa kuwa amewafundisha watoto wetu kusoma.

1. Zamani darasa liliimba ba-be-bi-bo-bu, mwalimu akagonga ubao, sisi wazazi tukaridhika. Hata kitabu kikishikwa kichwa chini, ukurasa uliimbwa bila kosa. Phébé anafunika picha kwa kiganja, anamtaka mtoto aunganishe sauti moja moja, kisha anamuuliza maneno hayo yana maana gani. Shule yako imeishi miaka mingi bila kusumbuliwa na maana.

2. Binti yangu Lise, mwenye miaka tisa, ameshaambukizwa. Kanisani Mzee Manassé alifungua Biblia akatoa zaburi ileile anayoijua kwa kichwa. Lise akamwambia kwa upole, "Baba, hapa haiko vile baliandika." Mzee hatusalimu tena.

3. Sasa nifike kwako. Ile karatasi ya jeshi iliyobandikwa kituoni, uliwasomea wavulana mstari wa juu tu, wenye herufi kubwa: MASOMO YA BURE, CHAKULA KILA SIKU. Wakapanda kamyo, lile lori la askari, wakicheka, mwanangu Jessé kati yao. Lise alibaki ukutani, kidole chini ya herufi ndogo, halafu akaja kunivuta shati. "Papa, huku chini banasema batabapa bunduki, babapeleke ku vita." Nilienda kusoma mwenyewe: kweli, watapewa bunduki na kupelekwa vitani, nikakimbia kuwaita akina mama. Akina mama waliwashusha wana wao kwa masikio kabla askari hawajarudi kutoka kunywa. Kamyo ikaondoka tupu. Hasara iliyoje kwa taifa, na kwa mchele ulioahidiwa wewe na jeshi.

4. Sokoni watu wanauliza: kama mtoto anasoma hadi mwisho, mwenye diploma huishia wapi? Maswali ya namna hii yanakuchafulia jina, nami yananiuma.

Basi shule irudie herufi kubwa peke yake. Mistari ya chini waachiwe wakubwa, wanaojua kutoiona.

Umsalimie mama wa nyumbani, watoto, na walimu wote wasiosumbua.

Ni mimi, mzazi mtiifu,
Abner Mwamba

Nyongeza: Ukimfukuza Phébé, tafadhali umwelekeze kwetu, nyuma ya kanisa. Mke wangu Salomé ameshafagia baraza, majirani wameleta viti, na Jessé ameketi mbele tangu asubuhi.