Ku picha yako nyumba yangu imekuwa majani

Lweba, siku ya soko

Kwako Ingénieur Jérémie, mwenye kuchora manyumba na ordinateur, ile kompyuta, kule Baraka,

Pokea kwanza salamu. Hasira iko nyuma, inakuya polepole.

Ile habari ulisikia juu yangu, bote banaielezea mubaya. Banasema Mzee Bertin alilewa, akapasua picha yako kubwa yenye comité ya kijiji ilibandika ku panneau ya mbao kando ya barabara. Uongo. Sikupasua kitu. Nilikamata kipande ya makala ya jiko, nikachora nyumba yangu ku fasi yenye wewe uliisahau. Na niliichora muzuri, mpaka mvua ilipoanza, kuku ya jirani ikaenda kujikinga chini ya paa yake. Batu bengi baliona. Benye banakataa ni juu ya wivu.

Sasa malalamiko yangu, kwa heshima yote.

1. Jua. Mi nimezaliwa hapa, na tangu nizaliwe jua inatokaka ku ziwa, inaenda kulala nyuma ya milima. We umeilalisha ndani ya maji. Bavuvi ba ndagala banaingiaka ziwani saa ya magaribi. Ukibageuzia jua vile, batawasha mataa asubui, na batu ba ngambo ya ziwa batatucheka.

2. Bamama. Ku picha beko bengi, banatembea mbele ya hii nyumba ya mikutano yenye comité inataka kujenga, na hakuna hata moja mwenye kubeba kitu ku kichwa. Hakuna kuni, hakuna bidon ya maji, hakuna mutoto ku mugongo. Banaenda wapi mikono mitupu? Na hakuna mwenye kusalimia mwenzake. Hapa kwetu mama akipita vile, jioni familia inaitana kumuuliza amegombana na nani.

3. Banaume babili karibu ya mulango habana kivuli. Nilizunguka panneau nione kama bivuli bilienda nyuma. Hapana. Mutu bila kivuli sisi hatumukaribishe ku mukutano. Tunakimbia.

4. Nyumba yenyewe. Hapa nitasema taratibu, juu najua uko na moyo mwepesi. Ingénieur, ile ni carton ya sabuni. Batu balitoa sabuni, bakatoboa madirisha. Najua si wewe uliipanga. Comité njo ilikuletea plan, ikakuambia uipendezeshe, na nakuonea huruma kama vile ninaoneaka huruma mutu mwenye kuvalisha bibi-arusi mwenye hataki kuolewa. Ulipaka mbingu rangi ya fanta. Ukapanda miti yenye hata bazee ba Kibembe habana jina yake. Ukaweka gari nyeusi inangaa, sijui ilipita wapi, maana ku hii barabara yetu camion inanasaka ndani ya matope mpaka chauffeur anaoa palepale na kupata batoto. Sasa toa mbingu, toa miti, toa gari. Inabakia nini? Carton.

Mi nyumba yangu nilijenga na mikono yangu. Siku moja upepo mukali ulivuka ziwa, ukaangusha kila kitu, ukafika ku mulango wangu, ukaomba njia. Ile carton yenu upepo hautaiomba kitu.

5. Nyumba yangu. Hapa njo fasi inauma. Mbele ya carton umetandika majani mafupi, kijani kabisa, hata mbuzi haijaonja. Ile majani njo parcelle yangu, kiwanja yangu. Nyumba iko pale, na mi niko ndani. Nilienda kwa Isidore, président wa comité. Akaangalia picha, akaniangalia, akasema: «Mzee, ku picha hauko. Sisi tutafuata picha. Utafute fasi ingine mbele mvua haijakuwa nyingi.» Nikamuuliza: «Papa Président, na hawa banaume bila kivuli, bo beko na fasi?» Akasema: «Bo beko ku picha.»

Sawa. Nikaheshimu picha. Siku ya salongo, ile kazi ya kijiji yote, bakakuya kuniita nibebe mawe ya musingi. Nikabajibu kupitia dirisha: «Hapa hakuna mutu, ni majani.» Bakapiga hodi tena. Nikasema: «Majani haibebake mawe. Muite yule mwanamuke wa imbwa, ule wa ku picha.» Isidore alikasirika mpaka kofia yake ikashuka yenyewe na kuenda nyumbani.

6. Yule mwanamuke wa imbwa. Amevaa nguo nyekundu, anacheka peke yake, anavuta imbwa na kamba kama vile tunapelekaka mbuzi ku soko. Na pale anakanyaga, Ingénieur, ni kaburi ya marehemu muke wangu Pulchérie. Mwanamuke mwema, hakunisemea neno mubaya hata siku moja, hata pale nilikosea, na nilikosea kidogo sana. Angalia ile imbwa vizuri. Imeinua muguu.

Kwa hiyo naomba ufungue ordinateur yako, utoe majani, urudishe nyumba yangu mbele ya siku ya yenga, ile ya kanisa. Siku ile bageni ba misaada banakuya. Bale habashuke ku gari. Banaangaliaka picha kupitia kioo, banasema ndiyo, banarudi. Kama siko ku picha, siko tena fasi yoyote. Kama ordinateur yako inakataa, basi unihamishe ndani ya picha na kitanda yangu. Kule hakuna matope, hakuna mbu, na nimetafuta vizuri, hakuna Isidore.

Naachia hapa, mukono umechoka lakini moyo bado. Unisalimie bote ba kwako, na ordinateur, na wale bamama ba mikono mitupu. Banaume babili ubaambie tukipata bivuli tutabatumia. Imbwa usiisalimie.

Ni mi, Mzee Bertin, mwenye angali iko hapa.

N.B. Ukichora nyumba, usiichore vile iko. Paa yake ni nyasi na upande wa nyuma imeinama. We weka mabati, na bioo ku madirisha, na moja ya ile miti haina jina. Gari nyeusi uisogeze mbele ya mulango wangu. Jua uiache tu ndani ya maji, itangaa muzuri ku mabati.

Jambo ya mwisho. Mi sikusoma, hii barua naisema tu, mwenye kuandika ni Pulchérie. Ku namba ya sita aliweka kalamu ya bic chini, na alikubali kuendelea tu juu nilimuahidi kusema ukweli. Basi: kaburi hakuna. Ni fasi anaanikaka ndagala. Anasema umuchore palepale, kitunga ku kichwa, na usisahau kivuli.