Mti Usio na Wageni

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: atakayetangulia kukamilisha mti wa ukoo wa vimeng'enya, zile protini zinazoendesha kazi za seli, ndiye atakayetuwakilisha kwenye mkutano wa nje. Ni mimi au Miwani, mwenzangu wa meza ya dirishani. Miwani hana haya. Anafanya kazi hata saa ya chakula.

Nadharia yangu ni nyepesi. Ndani ya seli mna mitokondria, ambayo hapo kale ilikuwa bakteria aliyemezwa na seli nyingine akagoma kufa. Mpaka leo inajitengenezea protini humo humo, kwa vimeng'enya vyake. Nasema vyote ni urithi wa yule bakteria wa kwanza. Ukoo ni damu, basi.

Mke wa baba kanishonea kifungo cha koti la maabara. Yuko kwangu tangu moyo uanze kumsumbua. Alinilea toka nina miaka minne, mama yangu alipofariki. Sijawahi kumwita mama. Simwiti chochote. Nikimtaka nakohoa mlangoni, naye huitika: abee, mwanangu.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Kompyuta imechora mti, na vimeng'enya vingi havitaki kukaa kwa bakteria wa kwanza. Kimoja kimetoka kwa bakteria wa ukoo mwingine kabisa, kingine kwingine. Wageni watupu! Walikuja baadaye, wakashika kazi za waliokuwepo, na seli haikulalamika.

Nimewakodolea macho mpaka yakawasha. Kisha nikapata akili. Nimewafuta. Mti sasa umenyooka, unapendeza.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wa baba kaniomba nimweleze kazi yangu. Nikamchorea. Akauliza kama hao waliokuja baadaye wanafanya kazi. Nikasema wanafanya, tena bila wao seli inakufa. Akauliza kwa nini basi hawamo kwenye mti. Nikamwambia si wa damu, wanaharibu mchoro.

Akaendelea kupiga pasi koti langu. Baadaye akasema kuna neno moja angependa kulisikia kutoka kwangu kabla hajaondoka. Nikamuuliza anasafiri kwenda wapi. Akalitundika koti mlangoni. Wazee na mafumbo yao.

Jumamosi, 8 Machi
Jirani kapiga simu. Mke wa baba amelazwa hospitali, ananiulizia. Nimesema nitakwenda Jumatatu, nikishawasilisha mti.

Leo nilikuwa namtegea Miwani. Nimemshauri akague upya vimeng'enya vyote, kimoja kimoja, ili achelewe. Kanishukuru sana, masikini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewasilisha. Miwani, ambaye amekagua kimoja kimoja kama nilivyomshauri, akauliza wengine wako wapi. Mkuu naye akauliza. Nikasema wamepotea. Mkuu akasema vimeng'enya havipotei, hupotezwa. Miwani ndiye anayesafiri.

Nilifika hospitali jioni. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Muuguzi akasema amefariki mchana, na mpaka mwisho alikuwa akimuulizia mwanawe. Nikamsahihisha: marehemu hakuwa na mtoto. Kisha nilikaa sakafuni nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Uchungu wa kushindwa na Miwani, nadhani.

Jumatano, 12 Machi
Tumemzika. Nilipewa nisome wasifu, nami nikausoma kwa ufasaha: alizaliwa, aliolewa, hakujaliwa mtoto. Watu waliinamisha vichwa. Nadhani sauti yangu iliwagusa. Jirani kaondoka bila kuniaga.

Miwani alikuja, akanishika mkono, akanipa pole kwa kufiwa na mama. Nilitaka kumsahihisha. Nikajikuta nasema asante.

Alhamisi, 13 Machi
Nimerudi kazini. Naanza mti mpya, wa kumpiku Miwani akiwa safarini. Safari hii wageni nitawafuta mapema, kabla hajatokea mtu wa kuwahesabu.

Kifungo cha koti kimekatika tena. Nilipofika nyumbani nilisimama mlangoni pa chumba chake, koti mkononi, nikakohoa. Nikangoja. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nimesimama pale mpaka giza likaingia, nakohoa.

Kifua hiki si cha kupuuza. Kesho nitanunua dawa.