Kisiwa Kinanihitaji

Jumatatu, 10 Machi

Siku njema kupita zote! Bosi wetu, Bwana Kosgei, ametuita wafanyakazi wote wa ofisi ya takwimu kwenye chumba cha mikutano na kutangaza wageni. Wanatoka nchi ambayo yote ni kisiwa kimoja kidogo. Ofisi yao ya taifa ya takwimu inawatuma kwetu Nakuru waje waone tunavyofanya kazi. Nimekitafuta kisiwa hicho kwenye ramani ya ukutani. Kimefunikwa na pini.

Halafu habari yenyewe. Kiongozi wao, Mkurugenzi Bi. Dorinda, atachagua mmoja wetu aende huko miaka miwili kuwasaidia. Nyumba bure. Bahari mlangoni. Mmoja wetu! Nimetazama huku na huku na sikuona mwingine ila mimi.

Labda Cheruto. Huyu Cheruto amekuja juzi juzi na tayari ana dawati la dirishani, ambalo mimi nimelingoja tangu tulipokuwa tukihesabu watu kwa penseli. Nimemuuliza kama anapenda bahari. Amesema hajawahi kuiona. Nimefarijika sana.

Jioni nimemwambia mke wangu, Wangare, kwamba naenda ng'ambo. Ameuliza kama nimeshachaguliwa. Nimemjibu kwamba hilo ni suala la utaratibu tu. Amenisihi nisimwambie mtu kwanza.

Nimemwambia Sue peke yake, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Huyo anajulikana kwa kutunza siri.

Jumanne, 11 Machi

Kanisa zima linajua. Mchungaji amepiga simu kabla sijanywa chai: Jumapili kutakuwa na maombi ya kuniaga. Akina mama wameanza kunifumia sweta. Sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba kisiwani ni joto mwaka mzima.

Wageni wamefika. Bi. Dorinda ni mama mfupi mwenye miwani, anayesikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande. Ametueleza taabu zao hadi nikamhurumia. Wafanyakazi wake wote hawajazi hata gari letu la kazi. Yeye mkurugenzi ndiye pia anayefungua mlango na kupokea simu. Anayekusanya bei za madukani ameolewa na mwenye duka. Wakichapisha mapato ya madaktari wa meno, kisiwa kizima kinajua ni ya nani, maana daktari wa meno yuko mmoja. Feri ikiondoka imejaa, idadi ya watu nchini inaporomoka hadi irudi.

Nimetikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Nadhani ameniona.

Alhamisi wageni watatazama mahojiano ya kweli katika nyumba ya kweli. Na nani ataongoza? Mimi! Kosgei amesema ni kwa sababu mimi ndiye mkongwe. Nyumba yenyewe iko Njoro na imechaguliwa na kompyuta, kama sheria inavyotaka. Ikishachaguliwa haibadilishwi, hata mwenyewe awe mkali, hata mbwa wake awe mkali zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Balaa. Nimeenda Njoro kumwarifu mwenye nyumba. Ni mzee aitwaye Bethwel, mrefu, mkimya, na mbwa ni kama nilivyohofia.

Nimemweleza kwamba kompyuta imemchagua yeye katika kijiji chote. Alivua kofia. Nikaona nijaribu maswali mawili matatu ya kupima. Ana ng'ombe wangapi? Akasema wako. Wangapi? Si wengi. Na watoto? Akatazama mlima na kusema Mungu alimpa.

Najua tatizo. Mtu wa rika lake hahesabu watoto wala mifugo yake kwa sauti, ni kama kuwaitia mabaya. Nyanya yangu mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Lakini tableti ya kazi haijui mambo ya nyanya yangu. Inataka nambari, na isipopewa haiendi mbele. Nimejiona mbele ya Bi. Dorinda na tableti iliyokwama, Cheruto akitabasamu pembeni. Kisiwa kilianza kuzama mbele ya macho yangu.

Ndipo nikakumbuka. Ng'ambo ya ua wa Mzee Bethwel anakaa nani? Tata Nyakio, mdogo wake mama yangu! Boma safi, maua mlangoni, na mdomo usiochoka. Mageti ya hapo yote yamepakwa rangi moja ya kijani. Nani atajua?

Nimeruka kwa Tata. Nimemweleza kwamba kesho nitamletea wageni wa ng'ambo, ajibu kila swali bila kusita, na asimwambie mtu. Ameapa. Nimerudi mjini nikiimba.

Alhamisi, 13 Machi

Tulikwenda na gari la ofisi: Bi. Dorinda, Kosgei, Cheruto wa kumtafsiria mgeni, na mimi mbele nikionyesha njia. Tukiwa bado mbali niliona moshi. Moshi mwingi sana kwa nyumba ya mama anayeishi na wajukuu wawili.

Tata hakumwambia mtu, isipokuwa dada zake. Dada zake nao hawakumwambia mtu, isipokuwa watoto wao. Wote walikuwa wamefika tangu jana jioni kusaidia kupika. Kulikuwa na hema. Hema la kukodi! Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe kama vya harusi.

Kosgei akauliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba. Nikamwambia ndivyo watu wa Njoro wanavyoishi.

Nikaanza mahojiano. Swali la kwanza: ni nani waliolala katika nyumba hii usiku wa kuamkia leo? Mikono ikapaa hema zima. Sheria ni sheria, aliyelala anaandikwa. Nikaandika, nikaandika. Binamu yangu mmoja, ambaye sikuwa nimemwona tangu harusi yake, alitaka aandikwe yeye na mimba pia.

Swali la chakula: wiki hii nyumba imetumia nini? Tata, niliyemwagiza asisite, hakusita. Mbuzi. Kuku. Mukimo sufuria mbili kubwa. Chapati zisizo na idadi. Soda za kila rangi. Tableti ilikuwa ikilia kwa kila jibu, na mwishowe ikatoa onyo jekundu ikitaka kujua kama hapa ni kwa mtu au ni shule ya bweni.

Bi. Dorinda aliinamisha kichwa upande. Nikamwambia kwamba mwaka huu mvua ilikuwa nzuri.

Hata hapo ningeponea. Lakini Tata alisimama kuombea chakula. Akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa Bwana Kosgei, na kwa Muiruri, mtoto wa dada yake, aliyeruka nyumba zote za Njoro akakumbuka ya kwao. Cheruto akatafsiri. Neno kwa neno! Nikakohoa kwa nguvu. Akangoja nimalize kukohoa, akaendelea na pale pa mtoto wa dada.

Amina ilipoitikiwa nikasikia mtu akiniita kutoka kwenye ua. Mzee Bethwel. Amevaa koti jeusi la suti, tai, na kofia mkononi. Kumbe alikuwa amesimama pale tangu gari lilipompita.

“Kijana,” akasema, “si uliniambia kompyuta imechagua mimi?”

Binamu zangu wote wakageuka kunitazama mimi.

“Serikali haijawahi kuchagua mimi kwa kitu yoyote,” akasema. “Nimefunga mbwa tangu asubuhi.”

Niliona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliona aibu ya kweli, nikatamani ardhi inimeze, na ilidumu mpaka nilipopewa paja la kuku.

Bi. Dorinda aliomba atafsiriwe. Kisha akainuka, akamshukuru Tata kwa heshima, akapita kwenye pengo la ua kuelekea kwa Mzee Bethwel. Kosgei nyuma yake. Hakunitazama.

Huko Cheruto ndiye aliyehoji. Hakumuuliza mzee ana ng'ombe wangapi. Alimwomba majina yao tu. Mzee akalegea, akaanza kuwataja mmoja mmoja, tabia ya kila mmoja, yule wa kupiga teke na yule asiyependa wanawake, huku kidole cha Cheruto kikipanda kimya kimya kwenye tableti. Watoto vile vile, kuanzia kifungua mimba. Mzee hakutaja nambari hata moja na fomu ilijaa yote. Baadaye akawapa maziwa ya mursik na akapigwa picha akiwa na tai yake.

Mbinu hiyo ya majina nilimfundisha mimi! Wiki yake ya kwanza kazini! Nilisema haya kwa sauti, lakini nilikuwa nimeachwa getini na mbwa, naye hakuonekana kujali.

Ijumaa, 14 Machi

Bi. Dorinda aliniita kabla ya mkutano. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliongea polepole, kama daktari.

“Kisiwani kwetu kila nyumba tunayoingia ni ya shangazi wa mtu,” akasema. “Nilisafiri mpaka nchi kubwa nione jinsi mtu anavyomhoji asiyemjua.”

Nilimwambia pole kwa safari.

Amemchagua Cheruto. Makofi. Cheruto amesema atajifunza kuogelea akifika. Dawati la dirishani linabaki wazi, nami nimemkumbusha Kosgei kuhusu hilo. Kosgei akanijibu kwamba dawati sitalihitaji. Kuanzia tarehe ishirini na nne ninaenda kufanya utafiti wa nyumba kule Longonot, miezi mitatu, mahali ambapo amehakikisha yeye mwenyewe kwamba sina shangazi.

Wangare amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: kanisani nitasema nini? Nimemwambia nitasema ukweli. Mimi si mtoto.

Jumapili, 16 Machi

Nilikuwa nimejipanga. Sentensi nne, fupi, za kiume. Wangare alinifinya mkono tulipoingia na kuniambia niseme mapema kabla mambo hayajakolea.

Yalikuwa yamekolea. Jina langu lilikuwa ukutani kwa karatasi za rangi. Kwaya iliimba kabla sijafungua mdomo. Sweta ikaletwa, na sanduku la magurudumu, jipya kabisa. Mchungaji akasema kwamba mtoto wa hapa hapa Nakuru ameitwa kulihesabu taifa zima la watu. Mama mmoja wa viti vya nyuma akaanza kulia. Kunililia mimi! Miaka yote niliyotumikia ofisi ile hakuna aliyewahi hata kupiga chafya kwa ajili yangu.

Nikapewa maikrofoni. Sentensi zangu nne zote nilikuwa nazo.

Nikasema asanteni.

Wakaniuliza naondoka lini. Nikasema wakati wowote sasa, wao waendelee tu kuomba. Nilipogeuka, kiti cha Wangare kilikuwa kitupu. Nyumbani amekataa kuongea nami. Amesema tu kwamba akiulizwa atajibu kuwa niko kazini, na kwamba huo ndio uongo wa mwisho atakaonisaidia nao, tena si uongo.

Jumatatu, 24 Machi

Longonot. Vumbi, reli, na kila nyumba ya mtu nisiyemjua. Nimefukuzwa na wawili. Wa tatu ameniuliza kama nauza dawa ya panya.

Lakini akili haijalala! Nimefikiria jambo hili kwa utulivu, na nimeona nilipokosea. Kosa halikuwa kudanganya. Kosa lilikuwa kutumia watu wengi. Jambo la mtu mmoja huenda vizuri.

Kwa hiyo baada ya kazi nimedandia boda boda hadi ukingo wa Ziwa Naivasha. Ukichuchumaa, ukielekeza simu pale maji yanapokutana na mbingu na kuiacha milima nje ya picha, ni bahari kabisa. Nimeituma kwenye kundi la kanisa na maneno machache: nimefika salama, kisiwa ni kizuri, kazi ni nyingi.

Amina zimemiminika. Mchungaji ametuma mikono ya maombi. Nimekaa kwenye jiwe nikizisoma, nikiwa na furaha ambayo sijaipata mwezi huu.

Kisha Sue akaikuza picha, akauliza mbona kuna kiboko baharini.

Nimejibu mara moja. Nimemwambia kwamba viboko wa kisiwa hiki huoga baharini, ni wengi kupita kiasi, na hakuna aliyewahi kuwahesabu. Ndiyo maana wakanitafuta mimi.